Kemia Imenishinda, na Mama Nimemdanganya Alama

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa Eastlands. Naishi Kayole na mama yangu na wadogo zangu wawili. Mama ana kibanda cha chakula karibu na steji. Anauza githeri, maharagwe, chapati, mayai ya kuchemsha na soda. Alfajiri nawasha jiko kabla sijaenda shule, jioni naosha sufuria, halafu nasoma kuanzia saa tatu mpaka macho yakatae.

Matokeo ya mtihani wa mwigo yametoka. Katika Karatasi ya Pili ya kemia nilipata alama 21 kwa 80. Nyingi zilipotea kwenye maswali mawili, la kasi ya mimenyuko, yaani kemikali zinapogeuka kuwa nyingine, na la msawazo. Mwalimu wetu anajitahidi ila tuko wengi sana, na mada hiyo tulipitishwa haraka kwa sababu silabasi ilikuwa inachelewa. Nilinunua kijitabu cha maswali na majibu nikakikariri chote. Kanuni ya Le Chatelier naweza kukutajia neno kwa neno nikiwa nimefumba macho. Lakini swali likigeuzwa kidogo tu, sijui nianzie wapi.

Majibu yangu manne yaliyopata sufuri ni haya.

La kwanza lilikuwa la grafu. Gramu 0.12 za utepe wa magnesiamu ziliwekwa kwenye sentimita 50 za ujazo za asidi ya haidrokloriki ya 2M (M ni kipimo cha ukolezi, yaani wingi wa asidi ndani ya maji), gesi ikapimwa. Tukaambiwa tuchore kwenye grafu hiyo hiyo mstari wa asidi ya 1M. Nilichora mstari unaoishia nusu ya urefu wa ule wa kwanza, kwa sababu asidi ni nusu.

La pili liliuliza kwa nini viwanda vya amonia hutumia nyuzijoto 450 hivi wakati halijoto ya chini ingetoa amonia nyingi zaidi. Niliandika kwamba mmenyuko huu unatoa joto, kwa hiyo ukiupasha unakwenda polepole.

La tatu liliuliza kazi ya chuma katika kiwanda hicho. Niliandika kwamba kichocheo kinasukuma msawazo kulia ili amonia iongezeke.

La nne liliuliza maana ya msawazo. Niliandika kwamba ni pale mmenyuko unaposimama.

Mwalimu, kinachoniumiza ni kwamba yote manne nilikuwa na uhakika nayo.

Kuna lingine. Mama aliponiuliza nimepata nini, nilimwambia C+. Alifurahi sana, akawaambia hata wateja. Wiki iliyofuata akachukua shilingi 2,000 kwenye chama akanipa za tuisheni. Pesa hizo bado ninazo. Mwenzangu darasani ameniingiza kwenye kundi la simu ambako kuna mtu anasema atapata karatasi za KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, mapema, na anataka 1,500. Rafiki yangu mwingine ananishauri niiache mada hii kabisa, eti ni mada moja tu kati ya nyingi. Nataka kusomea uuguzi. Zimebaki wiki saba.

Niiache? Nimlipe huyo mtu? Na mama nimwambie nini?

Aliyechanganyikiwa, Kayole

JIBU

Marahaba, binti yangu.

La karatasi za kununua nalimaliza kwanza kwa sababu ndilo la haraka. Usilipe. Huenda karatasi hizo ni bandia, na hapo jasho la mama yako litakuwa limeliwa na mtu usiyemjua sura. Na zikiwa za kweli ni hatari zaidi, kwa kuwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, lina mamlaka ya kufuta matokeo ya mtahiniwa aliyehusika na udanganyifu, na sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inahesabu kuwa kosa la jinai kupata karatasi ya mtihani kabla ya wakati wake. Nimefundisha watoto waliosubiri matokeo ambayo hayakuja. Jitoe kwenye kundi hilo leo, kabla ya kusoma aya inayofuata.

Kuhusu kuiacha mada, rafiki yako amekupotosha bila kukusudia. Ni kweli kwamba kwenye silabasi imepewa kichwa kimoja. Ila haikai hapo. Utaikuta ndani ya naitrojeni unapofika utengenezaji wa amonia, ndani ya salfa unapofika asidi ya salfuriki, ndani ya mabadiliko ya nishati, ndani ya asidi dhaifu. Na mara kwa mara huibuka katika Karatasi ya Tatu, ile ya maabara, yenye alama 40. Ukiiacha utakuwa umeacha vipande vya mada tano.

Sasa majibu yako. Nimeyasoma mara mbili, kisha nikayanakili moja chini ya jingine, ndipo nikaona kitu ambacho huenda mwalimu wako, akiwa na rundo la karatasi mezani, hakupata nafasi ya kukiona. Hukukosea mara nne. Ulikosea mara moja, na kosa hilo likabadilisha nguo mara nne.

Kila mmenyuko huulizwa maswali mawili. Unakwenda kwa kasi gani? Na unafika wapi? Chukulia matatu inayotoka Kayole kwenda mjini. Ukimuuliza kondakta mtachukua muda gani, hilo ni swali moja. Ukimuuliza gari linaishia wapi, hilo ni jingine kabisa. Dereva akikimbiza gari, steji ya mwisho haihami. Foleni ikiwa ndefu Jogoo Road, steji haihami pia. Turudi kwenye majibu yako. Kwenye grafu, asidi ilipopungua nguvu, kilichobadilika ni kasi, wewe ukasogeza steji. Kwenye nyuzijoto 450 uliulizwa kuhusu kasi, ukajibu kwa sababu inayohusu mahali pa kufika. Kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika, ni dereva mwepesi, wewe ukampa uwezo wa kuhamisha steji. Na kwenye maana ya msawazo, ulidhani gari likifika steji basi hakuna tena kinachosogea. Hapo mfano wangu wa matatu unaishia, na nitakuonyesha kwa nini.

Twende kwenye kasi. Mada hii umeifanyia maabara maisha yako yote, pale kibandani. Unapowasha jiko huanzi na pande kubwa la makaa, unaanza na vipande vidogo, kwa sababu vipande vidogo vina uso mkubwa zaidi unaokutana na hewa. Ukipepea unaleta oksijeni zaidi, na oksijeni ikiwa nyingi chembe zake hugonga makaa mara nyingi zaidi. Na githeri ya mama yako inachelewa kuiva kuliko ingekuwa inapikwa Mombasa. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Nyuzi sita tu, na kila mama wa hapa anayelipia makaa anazijua bila kuambiwa. Sufuria ya presha huyafikisha maji karibu nyuzi 120, ndiyo maana maharagwe yaleyale huiva kwa sehemu ndogo ya muda.

Hapa kwenye joto nataka tukae, kwa sababu vijitabu hupita mbio. Ukiulizwa kwa nini joto huongeza kasi, umekariri kwamba chembe hukimbia zaidi na kugongana mara nyingi zaidi. Si uongo, lakini ni sehemu ndogo mno ya ukweli. Ukipasha gesi kutoka nyuzi 27 hadi 37, mwendo wa wastani wa chembe zake hauongezeki hata kwa asilimia 2. Lakini kwa mimenyuko mingi, kupanda huko kwa nyuzi 10 hukaribia kuongeza kasi maradufu. Hiyo kasi nyingine yote imetoka wapi?

Imetoka kwa wachache walio mbele. Kumbuka siku ya michezo shuleni, kwenye kuruka juu. Kamba imewekwa juu sana, na katika shule nzima wanaoivuka ni wanane. Sasa tuseme kila mwanafunzi ameongezewa uwezo wa kuruka sentimita chache tu. Wastani wa shule umepanda kidogo sana, lakini wale waliokuwa wakiigusa kamba kwa kisigino sasa wote wanapita, na wanane wamekuwa kumi na sita. Kamba hiyo ndiyo nishati ya kuanzishia mmenyuko. Chembe zikigongana bila kuifikia, zinaachana zilivyokuja. Kwa hiyo jibu lako liwe na sehemu mbili: migongano inaongezeka, na, hili ndilo zito, chembe zenye nishati ya kutosha kuvuka zinakuwa nyingi zaidi. Wanafunzi wengi huandika la kwanza tu na kupoteza alama ya pili.

Grafu ya magnesiamu sasa. Tupige hesabu ambayo hukuipiga. Moli ni kipimo cha kuhesabia chembe, na moli moja ya magnesiamu ina gramu 24. Gramu 0.12 kugawanya kwa 24 ni moli 0.005. Kila moli ya magnesiamu inahitaji moli mbili za asidi, kwa hiyo tunahitaji moli 0.010. 2M ni moli mbili kwa lita, kwa hiyo kwenye sentimita 50 za asidi ya 2M kuna moli 0.100. Kwenye sentimita 50 za 1M kuna moli 0.050. Unaona? Hata asidi iliyopunguzwa ni mara tano ya inayohitajika. Kitakachokwisha ni magnesiamu, na magnesiamu ni ileile. Gesi itakuwa moli 0.005 za haidrojeni, yaani sentimita 120 za ujazo kwenye halijoto ya chumba, katika majaribio yote mawili. Mstari wako wa pili ulipaswa kupanda taratibu, ukiwa chini ya ule wa kwanza, kisha ukutane nao kwenye urefu uleule wa 120, ila kwa kuchelewa. Kabla hujashika penseli kwenye swali la aina hii, tafuta kwanza kipi kitakwisha. Hapo utajua steji iko wapi. Mteremko wa mwanzo ndio unaoonyesha kasi.

Swali la amonia ndilo nililolipenda zaidi katika manne yako, kwa sababu linalazimisha maswali yote mawili yakae meza moja.

N2 + 3H2 ⇌ 2NH3

Mishale hiyo miwili inasema mmenyuko unakwenda mbele, kuwa amonia, na kurudi nyuma pia. Kwenda mbele kunatoa joto, kilojuli 92 kwa kila moli moja ya naitrojeni. Kanuni uliyoikariri, ambayo Mfaransa Henry Le Chatelier aliitoa mwaka 1884, inasema ukiusumbua msawazo, yaani hali ambayo kwenda na kurudi kuna kasi sawa, unasogea upande unaopunguza usumbufu. Ukiongeza joto, unasogea upande unaofyonza joto, yaani nyuma, na amonia inapungua. Hapo ulikuwa sahihi kabisa. Ulipoteleza ni uliporuka kutoka “inapungua” hadi “inakwenda polepole”. Joto huharakisha mwendo wa kwenda na wa kurudi, wote wawili. Ila wa kurudi, kwa kuwa ndio unaofyonza joto, huharakishwa zaidi kuliko wa kwenda. Kwa hiyo mnafika mapema, lakini mnafika mahali penye amonia kidogo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye kiwanda. Ukiweka halijoto ya chini, kwenye karatasi una amonia nyingi, lakini itakuja lini? Molekuli ya naitrojeni imeshikana kwa vifungo vitatu, na kwenye baridi haikubali kuachana. Ukiweka moto mkali, inakuja haraka, ila kiduchu. Nyuzi 450 hivi ni mapatano kati ya maswali mawili. Neno hilo, mapatano, ndilo msahihishaji analolitafuta. Presha nayo huwekwa juu, takriban atmosfia 200, kwa sababu kushoto kuna moli nne za gesi na kulia mbili, na presha inasukuma kuelekea upande wenye moli chache. Haipandishwi zaidi ya hapo ovyo, kwa kuwa mabomba ya kuhimili presha kubwa ni ghali na hatari yake ni kubwa.

Hata hivyo, kila gesi inapopita mara moja juu ya chuma, ni asilimia 15 hivi tu inayogeuka amonia. Nilipokuwa kijana hilo lilinishangaza: kiwanda kizima kinajengwa kwa asilimia 15? Siri ni kwamba amonia hupozwa ikawa kimiminika na kutolewa, na gesi zilizobaki hurudishwa kupita tena na tena. Kuiondoa amonia pia ni kuusumbua msawazo, nao unasogea mbele kujaza pengo. Fritz Haber alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 kwa mmenyuko huu. Carl Bosch, aliyeugeuza kuwa kiwanda kule Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, alipata yake mwaka 1931. Mbolea ya CAN ambayo huenda nyanya yako huiweka kwenye mahindi imeanzia kwenye mmenyuko huo.

Chuma sasa, yaani jibu lako la tatu. Kichocheo hushusha ile kamba ya kuruka juu. Lakini kamba ni moja kwa wanaokwenda na wanaorudi, kwa hiyo wote wawili huharakishwa kwa kiasi kilekile, na msawazo unabaki pale pale. Bila chuma, amonia ileile ingepatikana, ila ungeisubiri muda usio na mwisho. Andika hivyo: kinafikisha mapema, hakibadilishi kinachopatikana.

Na kwa kuwa unatoka kibandani, nikuonye juu ya mfano mmoja ambao wanafunzi wangu walipenda kuuleta. Walisema magadi kwenye maharagwe ni kichocheo, kwa kuwa yanaharakisha kuiva. Siyo. Magadi ni alikali, yanamenyuka na vile vinavyoshikilia ngozi na nyama ya haragwe na kuvilegeza, na katika kazi hiyo yanatumika. Kichocheo hutoka mwishoni kikiwa kile kile kilichoingia. Mfano bora ni manganizi dioksaidi ndani ya haidrojeni peroksaidi. Ukiichuja, ukaikausha na kuipima, uzito wake haujapungua.

Jibu la nne. Ulisema msawazo ni kusimama. Chukua soda iliyofungwa kwenye kreti ya mama. Ukiitazama imetulia, hakuna povu, hakuna kinachotokea. Lakini ndani yake kila sekunde kabonidioksaidi inatoka kwenye soda kwenda kwenye ile nafasi ndogo ya juu, na nyingine inarudi kwenye soda, kwa kasi sawasawa. Hesabu haibadiliki ingawa chembe zinabadilishana. Ndiyo maana nilisema mfano wa matatu unaishia njiani: gari likifika steji linazima injini, mmenyuko hauzimi. Kama lazima tubaki na matatu, basi ni ile ya abiria 14 ambayo kila anaposhuka mmoja anapanda mmoja. Ukihesabu ni 14 kila mara, lakini sura si zilezile. Kisha fungua soda. Gesi ya juu inatoroka, hakuna wa kurudi, na povu linapanda kujaribu kufidia. Msawazo unahitaji chombo kilichofungwa. Hilo nalo huulizwa.

Ukitaka jaribio la kuuona msawazo kwa macho, mwombe mwalimu akuonyeshe kromati ya potasiamu. Ni ya manjano. Ukitia asidi kidogo inageuka rangi ya machungwa, ukitia sodiamu haidroksaidi inarudi manjano, na unaweza kwenda na kurudi hivyo kwenye chupa moja. Usiishike kwa mkono mtupu, ni sumu. Dakika tano kwenye meza ya mbele zinatosha darasa zima hata kama mko wengi.

Kidogo kuhusu presha, kwa sababu ndipo mtego mwingine ulipo. H2 + I2 ⇌ 2HI ina moli mbili za gesi kila upande. Ukiongeza presha, msawazo haugeuki. Wanafunzi huishia hapo wakaandika kwamba presha haina athari yoyote. Wameulizwa swali moja wakajibu mawili. Kasi inaongezeka, kwa kuwa chembe zimebanwa karibu, ila mahali pa kufika hapabadiliki.

Karatasi ya Tatu. Jaribio linalopendwa ni la sodiamu thaiosalfeti na asidi: unachora alama ya msalaba kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unachanganya, na unapima sekunde mpaka salfa iufiche msalaba usionekane. Alama za mtihani hupotea kwenye mambo madogo madogo. Maji huongezwa ili ujazo wote ubaki uleule wakati ukolezi unapungua, maana kina cha kimiminika kikibadilika msalaba utafichika kwa sababu nyingine isiyo ya kemia. Jicho linalotazama msalaba liwe lile lile tangu mwanzo hadi mwisho. Osha bika kila mara, mabaki ya salfa yatakudanganya. Geuza dakika ziwe sekunde zote kabla hujapiga moja kugawanya kwa muda. Na unapochora hiyo moja gawanya muda dhidi ya ukolezi, nukta zikikaa kwenye mstari ulionyooka, tumia rula. Usiunganishe nukta kwa nukta kama mtu anayeshona.

Sasa namna ya kusoma. Acha kijitabu cha majibu kwa siku kumi. Kilikupa uhakika ambao haukuwa wako. Badala yake, kila jioni chukua swali moja la karatasi za miaka iliyopita, na kabla ya kuandika chochote weka pembeni K au M: linauliza kasi, au linauliza mahali pa kufika? Mengine yatakuwa yote mawili. Kisha lieleze kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unayemweleza mtu ambaye hajasoma kemia. Ukikwama, hapo ndipo hukuelewa, hata kama Kiingereza chake unakijua kwa moyo. Ukishapita, ndipo uandike jibu kwa Kiingereza cha mtihani. Wanafunzi wangu wengi walikuwa na maneno bila maana, na lugha ya mama iliwafichua mapema kuliko mtihani.

Mtu wa kumweleza unaye. Hapa tunafika kwa mama.

Mwambie leo usiku, akishafunga kibanda na kukaa. Usimwambie akiwa na wateja, wala usimtumie ujumbe. Mrudishie shilingi 2,000 mkononi kwanza, kisha useme: mama, sikupata C+, nilipata alama 21 kwa 80, na niliogopa. Usilaumu mwalimu wala wingi wa darasa kwenye sentensi hiyo. Atakasirika. Labda atanyamaza, na kunyamaza kwake kutakuuma zaidi. Mwache. Kinachonitia hofu si hasira yake ya leo, ni kwamba bado anawaambia wateja C+, na kila siku inayopita unamwongezea cha kuja kuvumilia mbele za watu. Akiuliza utafanya nini, mwonyeshe barua hii. Akiamua pesa ziende tuisheni, ziende kwa mwalimu atakayekufanya uandike na kusahihishwa, asiwe wa kukusomea madokezo mengine.

Halafu, siku itakayofuata au inayofuata hiyo, mkiwa mmetulia, mwombe maganda ya mayai ya kibandani na siki nyeupe. Ganda la yai kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, sawa na vipande vya marumaru vya maabara. Weka ganda zima kwenye glasi moja, lililopondwa kwenye nyingine, siki kiasi kilekile. Mwulize mama ni lipi litakalotoa povu haraka kabla hujamimina. Kisha rudia kwa siki vuguvugu, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usifunike glasi kwa nguvu, gesi inahitaji pa kutoka. Mweleze kila mara kwa nini, bila neno hata moja la Kiingereza. Atakuuliza maswali ambayo hayamo kwenye kijitabu chako. Moja karibu hakika litakuwa hili: lililopondwa limemaliza mapema, je, limetoa gesi nyingi zaidi kuliko lile zima? Ukimjibu hilo sawasawa, umelijibu swali la magnesiamu.

Wiki ijayo niandikie tena. Nitumie grafu ya magnesiamu uliyoichora upya, mistari yote miwili, na hesabu ya moli pembeni. Na ongeza mstari wa tatu: asidi ileile ya 2M, sentimita 50, lakini magnesiamu gramu 0.06. Usiniambie umeutoa wapi kwenye kijitabu. Niandikie kwa maneno yako unaishia urefu gani, na kwa nini.

Mwalimu wako